Difu Iliyonyamazishwa: Nyakakika hadi Kaisho

Mzee Byarugaba alifika nyumbani kwake Kaisho Jumapili alasiri, akiwa hai, akakuta watu wanamlilia. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, moto wa msiba ulikuwa unafuka moshi, na jirani mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa ameketi chini karibu na mlango akitaja mema ya marehemu. Marehemu alikuwa kwenye godoro nyuma ya pikapu yetu, ameinua kichwa, anasikiliza.

Wengi wenu mmelisikia hilo gulioni na kanisani, kila mmoja kwa namna yake, na wapo walioniuliza kama ni kweli mzee alifufuka. Hakufufuka, kwa sababu hakuwa amekufa. Yaliyotokea yalianzia kwenye difu ya gari, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu. Nitayaeleza kwa mpangilio wake, nikifuata daftari nililokuwa nalo.

Kutoka Nyakakika

Niliingia katika safari hii kwa sababu ya kalamu. Mimi ni katibu wa usharika wetu hapa Nyakakika. Mzee Byarugaba alikuwa amekaa mwaka mzima kwa binti yake Domitila, jirani yangu, akiuguzwa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na akikaa wima kwa muda pumzi zilimwishia. Jumatano aliniita.

"Katibu, nataka mtu anayeandika bila kupamba," alisema. "Jumamosi wazee wa ukoo wangu wanakutana kwangu Kaisho. Nitaonyesha mpaka kwa mkono wangu, wewe utaandika."

Kibanja chake, yaani nyumba na shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, kingebaki kwa mwanawe wa pekee wa kiume, Fideli. Lakini sehemu ya juu, alikozikwa mkewe, alitaka iwe ya Domitila. Fideli alikuwa ameanza kuwaambia watu kwamba sehemu ile ataiuza.

"Mama hawezi kulala kwenye shamba la mtu asiyemjua," Domitila aliniambia siku ile. Alikuwa anamenya ndizi na hakuinua macho.

Kwa desturi ya ukoo wao, neno kama hilo linasimama pale mzee anapolisema mwenyewe, mpakani, mbele ya wazee. Barua haitoshi, na simu haitoshi. Kwa hiyo ilibidi afike, afike akiweza kusema, na afike Jumamosi.

Gari lilikuwa la Projesti, mume wa Domitila. Alilinunua miezi miwili kabla ya safari kwa shemeji yake, Fideli huyohuyo. Ilikuwa pikapu nyeupe ya zamani, milango yake ikifungwa kwa bega, lakini nyuma ilikuwa na nafasi ya godoro, na mzee asingeweza kusafiri ila kwa kulala. Tuliondoka Ijumaa asubuhi, siku moja mapema, kwa tahadhari. Domitila alitandika majani makavu ya mgomba, akaweka godoro juu yake na mito mitatu, akapanda kukaa na baba yake. Mimi nilikaa mbele na Projesti.

Kilima cha kwanza kilikuwa hakijaisha nilipoisikia sauti. Ilitoka nyuma, chini ya sakafu, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Projesti akikanyaga mafuta, ilipanda. Akiachia, ilinyamaza kabisa. Na kila tulipoanza kuondoka baada ya kusimama, kitu kiligonga mara moja chini, kisha kikatulia. Niliandika hayo matatu.

"Unaandika nini?" Projesti aliuliza.

"Gari lako."

"Andika kwamba linakwenda."

Nyaishozi: beringi ya kulia

Tulipofika Nyaishozi sauti ya nyuki ilikuwa imekuwa ya jiwe linalosagwa. Tulisimama kwenye gereji iliyo kando ya barabara, na fundi wa pale, mtu mnene mwenye ovaroli ya bluu, alilichukua gari akalizungusha hadi kwenye kituo cha kununulia kahawa na kurudi. Alishuka akiwa na jibu tayari.

"Beringi ya gurudumu la nyuma, kulia. Nikikata kona kushoto, inalia zaidi."

Nilimsomea nilichoandika: kwamba sauti inafuata mguu wa dereva, haifuati kona, na kwamba kuna kugonga wakati wa kuondoka. Alinisikiliza akifuta mikono.

"Katibu," alisema, "wewe hesabu sadaka. Sauti niachie mimi."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, na Projesti naye alicheka kidogo, nadhani kwa sababu beringi ni kazi ndogo na difu ni kazi kubwa. Mtu mwenye haraka huchagua ugonjwa mdogo. Nilikunja daftari.

Beringi ililetwa na bodaboda kutoka Kayanga saa tisa alasiri. Ile ya zamani ilipotolewa niliichukua, nikaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini, bila kukwaruza. Nilimwonyesha Projesti. Aliitazama, akanirudishia, akasema, "Basi sasa tuna mpya."

Siku ilikuwa imekwenda. Tulilala kwa rafiki wa Domitila aliyesoma naye, nyumba ya tatu kutoka gereji. Alitupikia ndizi na maharage, akamletea mzee kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Mzee alichukua punje mbili tu, akazishika mkononi.

"Kesho saa ngapi tutakuwa Kaisho?" aliuliza.

"Saa sita, Baba," Projesti alijibu.

"Wazee wameitwa saa nane. Saa sita ni vizuri. Nitapumzika kidogo kwanza, nisiwaonyeshe mkono unaotetemeka."

Nyakahanga na Omurushaka

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa kimya kwa muda, maana kila kitu kilikuwa baridi. Projesti alinitazama mara mbili kwa jicho la kunisuta. Kabla ya Kayanga nyuki wakarudi. Tulipokuwa tunapita Nyakahanga, Domitila aligonga paa la gari, tukasimama. Alitaka tuingie hospitali baba yake apimwe pumzi.

"Nikiingia hapo watanilaza," mzee alisema. "Watakuwa wamefanya vizuri. Lakini mpaka ataonyesha nani?"

 Domitila alichukua shuka nyeupe, akamfunika baba yake hadi usoni, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na malori na vumbi. Tukaendelea.

Omurushaka, karibu kabisa na njia panda, difu ilitoa mlio mmoja mzito kama shoka kwenye gogo, na gari likaanza kujiburuza. Watu walitusaidia kulisukuma hadi mbele ya mashine ya kusaga. Projesti aliingia chini. Domitila alibaki nyuma, mkono wake juu ya shuka, akaanza kulia. Alikuwa ametoka kugundua kwamba simu yake ameisahau Nyaishozi kwenye chaji, na saa zilikuwa zinakwenda. Alilia kwa ajili ya hayo. Lakini mtu anayepita angeona nini? Angeona pikapu imesimama, binti analia, na mwili uliofunikwa shuka nyeupe kutoka miguuni hadi usoni.

Wanaume walianza kuvua kofia. Mimi sikuelewa upesi. Mwanaume mmoja mwenye baiskeli alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini na kwa neno letu la heshima, "Poleni sana, waitu. Mnampeleka wapi?"

"Kaisho."

"Kwa nani?"

"Kwa Byarugaba," nilijibu. "Ndiye huyu."

Alitikisa kichwa, akasimama kidogo kwa heshima, akapanda baiskeli. Jibu lile nililitoa mimi, na nimeliandika daftarini jinsi lilivyokuwa.

Mama mmoja muuza chakula alikuja na sufuria ya ndizi zilizochanganywa na maharage, akaiweka ukingoni mwa gari. "Kuleni kidogo," alimwambia Domitila. "Safari ya msiba haina mpishi." Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka.

"Vumbi limekwisha?"

Mfuniko wa sufuria ulianguka. Mwanaume mmoja alirudi nyuma hadi akakanyaga mguu wa mwenzake. Domitila alifunua shuka, na mzee akawatazama watu wote wale na kofia zao mikononi.

"Mbona hamnisalimii?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee," walijibu kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Vaeni kofia, jua kali."

Walicheka, na Domitila alicheka huku machozi hayajakauka. Mzee alikula vijiko vitatu vya ndizi zile, akamshukuru mama kwa lugha ya kwao. Nilipogeuka kumtafuta yule mtu wa baiskeli, nisahihishe jibu langu, alikuwa ameshaondoka.

Nilimwambia Projesti ampigie Fideli, awaambie wazee kwamba tumekwama. Namba yake mimi sikuwa nayo. Alikwenda nyuma ya mashine ya kusaga, akakaa dakika kama tano, akarudi. "Haipatikani," alisema.

Mafundi wawili wa Omurushaka walichungulia chini ya gari. Wote wawili walisema hawana zana za kufungua difu, na wote wawili, bila kusikilizana, walitaja jina moja: Sadoki, wa Nkwenda. Tulitafuta gari la kukodi. Pikapu moja ilikuwepo, imejaa mikungu ya ndizi, na mwenyewe alikuwa tayari kushusha. Mzee alikataa.

"Nimetoka kwangu kwa gari la kukodi, mgonjwa," alisema. "Nitarudi kwa gari la mkwe wangu."

"Baba, wazee wanasubiri," Domitila alimsihi.

"Wamenisubiri mwaka mzima. Watanisubiri hadi jioni."

Leo nikilifikiria, hapo ndipo siku ilipopotea, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumbishia. Lori la kahawa lilitufunga mnyororo, likatuvuta polepole hadi Nkwenda.

Nkwenda: kwa Fundi Sadoki

Fundi Sadoki ni mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, na masikio yake hayasikii vizuri. Alifanya kazi kwenye mashine za kukoboa kahawa kwa miaka mingi, zikamla masikio. Kwa hiyo anaongea kwa kupaza sauti, na gari halisikilizi. Analishika.

Mzee tulimlaza na godoro lake kwenye kivuli cha banda, hatua chache tu kutoka kwenye gari. Sadoki alimsalimia kwanza, kisha akauliza maswali yake akitazama midomo yetu.

"Ukikanyaga mafuta, inafanyaje?"

Nilifungua daftari. "Inalia."

"Ukiachia?"

"Inanyamaza."

"Kona?"

"Haibadiliki sana."

"Ukianza kuondoka?"

"Inagonga mara moja."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani alikwambia uandike haya?"

"Hakuna."

"Basi nusu ya kazi umeshaifanya. Gurudumu likiharibika, halijui kama mguu wako uko kwenye mafuta. Linalia tu gari likitembea. Difu inajua, kwa sababu difu ndiyo inayobeba nguvu."

Lakini hakuifungua papo hapo. Kule kugonga wakati wa kuondoka, alisema, kunaweza kutoka pia kwenye krosi, viungo vinavyoshika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu. Aliingia chini, akashika propela kwa mikono miwili, akaizungusha kulia na kushoto. Krosi hazikucheza. Kisha akainua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki na magogo, akamwambia Projesti azungushe gurudumu moja polepole. Yeye alichukua nondo fupi, ncha moja akaiegemeza kwenye difu, nyingine akaiuma kwa meno. Akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na sisi wote tukawa kimya, hata mwenye lori la kahawa aliyekuwa anakunja mnyororo akaacha.

Alitoa nondo mdomoni. "Imekwisha," alisema. "Lakini kuna jambo. Kwa uharibifu huu ninaousikia mfupani, hii difu ingekuwa inapiga kelele tangu miezi miwili. Nyinyi mnasema imeanza jana?"

"Jana," Projesti alisema.

"Basi kuna kitu kiliiziba mdomo."

Aliweka karai chini, akafungua nati ya kumwagia oili. Oili haikutoka. Alichokoa kwa waya, yakatoka matone meusi, kisha kitu kizito kama uji ulioungua, chenye nyuzinyuzi. Alikipokea kiganjani. Nuru ilipokipiga, vumbi la chuma lilimetameta ndani yake.

Projesti alikitazama. Nilimwona uso ukibadilika. "Ni grisi ya zamani," alisema haraka.

"Grisi?" Sadoki alipaza sauti. "Grisi haina nyuzi. Hayo ni maganda ya ndizi. Huu ni ujanja wa wauza magari wa huku kwetu. Difu ikilia, wanaishindilia maganda yaliyopondwa, inanyamaza. Mwezi, miezi miwili. Mnunuzi anafurahi. Halafu maganda yanaungua, oili inaisha, na meno yanasagana."

Projesti alikuwa anamkonyeza anyamaze, akielekeza kidevu kule godoroni, lakini Sadoki alikuwa anatazama kiganja chake. Hapa ni lazima nieleze, kwa wale wasiotoka kwetu. Mkwe hasemi ubaya wa nyumba aliyooa mbele ya baba wa nyumba hiyo. Hata akiibiwa na shemeji yake mchana, ataliita jambo hilo kwa jina lingine. Projesti alikuwa ameliita grisi.

"Lete hapa," mzee alisema.

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Sadoki, aliyefuata macho yetu, alikwenda akamnyooshea kiganja. Mzee alichukua kidogo, akasugua kati ya dole gumba na kidole. Amelima migomba maisha yake yote.

"Ni ganda," alisema. "Mkwe wangu, gari hili ulilinunua kwa nani?"

Alijua. Wote tulijua kwamba anajua. Domitila alikuwa ametazama chini.

"Baba," Projesti alijibu, "gari la zamani limepita mikono mingi."

Mzee alijifuta vidole kwenye jani la mgomba, taratibu, kimoja kimoja. "Nimesikia," alisema. Hakuliuliza tena tulipokuwa Nkwenda.

Difu ilipotolewa nzima tuliiona wenyewe. Krauni, gurudumu kubwa la meno lililo ndani, lilikuwa limepoteza meno manne. Pinioni, lile dogo linaloliendesha, lilikuwa limechongoka kama kalamu. Haikuwa ya kutengeneza. Sadoki alikumbuka pikapu ya aina ileile, iliyopinduka na kuachwa uani kwa mtu huko Isingiro, na akatuma ujumbe. Kabla ya kuifungua ile difu nyingine alikwenda mwenyewe kuhesabu: gurudumu moja likiwa chini, jingine juu, akalizungusha lile la juu mara mbili kamili, akahesabu propela imezunguka mara ngapi kwa alama ya chaki. Alikuwa amefanya hivyohivyo kwa gari letu kabla ya kuifungua difu. Hesabu zilifanana. "Zisipofanana, gari litapanda kilima kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine," alisema.

Hayo yote yalikula Jumamosi. Saa nane ilipita tukiwa tunasubiri watu wa Isingiro. Nilimwambia Projesti apige simu tena. Alisema atapiga. Mke wa Sadoki alimpa mzee uji, akanywa nusu kikombe, akaomba ageuzwe ili atazame upande wa Kaisho. Tulilala palepale.

Isingiro hadi Kaisho

Jumapili Sadoki alimaliza kazi karibu na saa sita mchana. Aliendesha mwenyewe kilomita moja, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine umegusa sakafu. Akarudi, akasema, "Nendeni. Baada ya siku kumi mniletee niangalie oili. Na msiliwekee matunda."

Gari lilikuwa kimya. Kimya cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuondoke. Tulipita Isingiro watu wakitoka ibadani. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa na swali.

"Jana ulipompigia Fideli," nilimwambia Projesti, "haikupatikana kabisa, au iliita?"

Alibadili gia. "Sikupiga," alisema.

"Hata Omurushaka?"

"Nilipokuwa chini ya gari Omurushaka niliona kipande cha ganda kimechungulia kwenye sili ya difu, ule mpira unaozuia oili. Nilijua tangu pale. Ningempigia, ningesema. Nikisema, mke wangu hana kaka tena, na mzee hana mtoto wa kiume wa kumzika."

"Na wazee waliokuwa wanasubiri?"

"Ndiyo," alisema. "Hilo nalijua."

Niliandika jibu lake, kisha nikamwomba namba, nikapiga mimi. Simu iliita hadi ikakatika. Baadaye nilijua kwa nini: Fideli alikuwa anafunga turubai. Habari ya mtu wa baiskeli ilikuwa imemfikia Jumamosi mchana kupitia watu watatu. Alimpigia dada yake, simu haikupokelewa, kwa kuwa ilikuwa kwenye duka la chaji Nyaishozi. Ya Projesti haikupatikana. Alisubiri hadi jioni. Gari halikufika, na hakuna aliyepiga. Mtu angeamini nini?

Mpakani

Mlio wa kwanza wa wanawake ulianza walipoiona pikapu. Walikuja mbio kuipokea maiti. Mzee aliinua mkono. Waliokuwa mbele walisimama, waliokuwa nyuma wakawasukuma, na mwanamke aliyekuwa anataja mema ya marehemu alikaa kimya katikati ya sentensi.

"Endelea," mzee alimwambia. "Ulifika wapi?"

Fideli alitoka nyuma ya nyumba. Ni mtu mkubwa, mwenye mabega ya baba yake. Macho yake yalikuwa mekundu na yamevimba, na naandika hili kwa sababu wengine wamesema vingine: alikuwa amelia kweli. Alipiga magoti kando ya gari, akashika miguu ya baba yake.

Lakini wazee hawakuwepo. Walikuwa wamefika Jumamosi wakiwa watano. Habari ilipokuja, kikao kilikwisha, maana marehemu hatoi wosia. Watatu walikwenda kuwaarifu ndugu wa mbali, na hawangerudi kabla ya siku mbili. Waliobaki walikuwa wawili, mkubwa wao akiwa Mzee Ishengoma, ambaye kwa kuzaliwa ni mdogo wa Mzee Byarugaba.

"Kaka, pumzika," Ishengoma alisema. "Tutakaa wote wakirudi."

"Nitakuwepo wakirudi?"

Ishengoma aligeuka akatazama upande wa mpaka.

"Basi nibebeni."

Tulimbeba kwa godoro, Fideli na Projesti mbele, mimi na jirani mmoja anayepakana na shamba hilo nyuma, tukipita kati ya migomba hadi sehemu ya juu, kwenye kaburi la mkewe. Shemeji wawili walishika ncha za godoro moja na hawakutazamana. Domitila alitembea pembeni na mche wa mlamula mkononi, ule mti ambao kwetu hupandwa penye mipaka. Mzee alinyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka, lakini alichoonyesha kilikuwa wazi: kutoka mbuni mkubwa wa kahawa, kupita chini ya kaburi, hadi kwenye mfereji. Juu ya hapo, Domitila. Chini ya hapo, Fideli. Ulikuwa mpaka uleule alionieleza Jumatano. Hakuongeza hatua wala kupunguza.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Lile gari. Ulipomuuzia mkwe wangu lilikuwa zima?"

"Baba," Fideli alisema, "lilinijia hivyohivyo. Mimi sikulifungua chini."

Mzee alimtazama muda mrefu. Nilitazama pia, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nakiri kwamba sikuweza kujua. "Nimesikia," mzee alisema, kama alivyosema Nkwenda.

Niliandika karatasi palepale, nikiwa nimechuchumaa. Niliisoma kwa sauti. Ishengoma alisema kwamba kwa kuwa wazee ni wawili tu, jirani wa mpaka atie sahihi pia, na mrithi mwenyewe, Fideli, akubali kwa mkono wake. Wazee walisaini. Jirani akasaini. Nilimpa Fideli kalamu. Aliishika, akatazama kaburi la mama yake, akanirudishia.

"Wazee watatu wakirudi," alisema. "Nisionekane nimeharakisha."

Hakuna aliyeweza kusema kwamba jibu lile ni baya.

Mzee Byarugaba alifariki siku ya tisa, asubuhi, nyumbani kwake. Wazee watatu walikuwa wamerudi na kuondoka. Walisema hawakuwepo mpakani, hawawezi kushuhudia wasichokiona, na jambo wakamwachia mrithi. Fideli alisimamia mazishi vizuri. Alimzika baba yake juu, kando ya mkewe, na Projesti ndiye aliyebeba saruji kwa pikapu ileile. Domitila amerudi hapa Nyakakika. Mlamula alioupanda umeshika.

Karatasi ninayo. Ina nafasi nne, na sahihi ni tatu. Wiki iliyopita Fideli alinipigia simu. Alinisalimia, akaniuliza habari za usharika, kisha akauliza kama ile karatasi bado ninayo mimi. Nilimwambia ninayo. Aliuliza kama kuna nakala. Nilimwambia hakuna. Akasema asante, Katibu, akakata.